Namna ya kumsoma Mwingereza akifika kwetu Kusini

Hii ni kwa wote tunaopokea wageni huku kwetu, wenye gesti Mikindani, wapishi wa Shangani ya Mtwara, vijana wa boti Kilwa Masoko na Msimbati, madereva, wanaotembeza watalii, hata dobi. Kingereza cha kuongea wengi tunacho, shida haiko hapo. Shida ni kwamba Mwingereza hana alama kubwa za kumtambulisha. Hana vazi la taifa la kutokea nalo kwenye sherehe, siku ya mtakatifu wake George ni tarehe 23 Aprili na huko England watu wanaenda kazini kama kawaida, wimbo wa taifa wa peke yake pia hana, anaimba ule wa ufalme mzima. Uingereza wake uko kwenye maneno madogo madogo na vitabia ambavyo hata yeye mwenyewe havioni, namna anavyoomba chumvi, anavyosimama foleni, anavyolalamika bila kulalamika. Usipovijua utamhudumia wiki nzima ukidhani kafurahi kumbe kaumia toka usiku wa kwanza, na siku ya kuondoka atakushukuru vizuri tu alafu harudi tena.

Sisi watu wa Kusini hili hatuhitaji kufundishwa sana. Ukitamka "nchele" na "nkate" mtu wa Dar keshajua umetokea wapi, mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni haulizwi kabila, na aliyepita jando ana maneno ya kujibu ambayo asiyepita hana. Kwa Mwingereza ni hivyohivyo, ila alama zake ziko kwenye chai na kwenye neno "sorry". Kazi yetu ni kuzisoma, sio kuziiga.

Kwanza hakikisha kama ni Mwingereza kweli

Kwenye Kiswahili tunasema Uingereza tumemaliza, lakini ule ni ufalme wa nchi nne, England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, na Mwingereza hasa ni mtu wa England tu. Scotland iliungana na England mwaka 1707 kwa mkataba na ikabaki na sheria zake na kanisa lake, kwahiyo Mskoti ukimwita "English" umemkosea kabisa, pengine hatakwambia kitu ila utaona uso umebadilika. Na sisi mfano tunao mlangoni. Livingstone alifika Mikindani Machi 1866 akianza safari yake ya mwisho ya kwenda bara kupitia Ruvuma, na ipo nyumba Mikindani yenye kibao cha jina lake. Ukimtambulisha kwa wageni kama mpelelezi wa Kiingereza umekosea, yule kazaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, na mji wa Blantyre kule Malawi umepewa jina la hapo alipozaliwa. Kwenye kundi wakiwemo Waskoti wawili ukasema "English explorer" basi umeshawapoteza kabla hamjafika kwenye boma la Wajerumani.

Usimwambie mtu "you are English". Muulize tu "Which part of the UK are you from?" atakutajia mwenyewe, na hapohapo unajua useme nini. Akisema Cardiff ni Mwelsi, akisema Glasgow ni Mskoti, akisema Leeds au Norwich ndo huyo Mwingereza.

Bendera nayo iangalie. Ile yenye misalaba iliyopishana ya bluu, nyekundu na nyeupe ni ya ufalme wote. Ya England peke yake ni msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe, wa huyo huyo George. Zamani hata wenyewe walikuwa hawajali tofauti, Kombe la Dunia la 1966 pale Wembley mashabiki wengi wa England walipepea ile ya ufalme, huu msalaba mwekundu umekuja kushika kasi toka Euro ya 1996. Ukitaka kupamba mezani kwa ajili ya mgeni bora uweke maua, bendera ya msalaba mwekundu wengine wanaipenda kwenye mpira tu na wengine wanaona imetekwa na watu wa siasa kali.

Sasa hili naomba mlisome taratibu. Sio kila Mwingereza ni mzungu. Atakuja dada ambaye wazazi wake wametokea Jamaica, au kijana ambaye babu yake ni Mhindi wa Punjab, kazaliwa Birmingham, kakulia Birmingham, lafudhi ya Birmingham tupu. Usimwulize "where are you REALLY from?" Hilo swali ameulizwa toka akiwa mtoto huko kwao, linamuuma, linamwambia we sio wa hapa. Muulize lile lile la mwanzo, "which part of the UK", basi. Wengi wao wanajiita "British" zaidi kuliko "English", na sio wao tu. Sensa ya England na Wales ya 2011 waliojiandika English peke yake walikuwa 57.7%, ile ya 2021 wakashuka mpaka 14.9%, na waliojiandika British peke yake wakapanda toka 19.1% mpaka 54.8%. Sehemu ya sababu ni kwamba kwenye fomu ya 2021 neno British liliwekwa la kwanza kwenye orodha, yani mtu anatiki la juu. Kwahiyo hata wenyewe hawajashikilia neno moja, usije ukawabandikia wewe.

Sio Mmarekani

Hapa tuna bahati maana Kiswahili chetu kimejaa maneno ya Mwingereza toka enzi za Tanganyika. Sisi tunasema lori, petroli, tochi, buti la gari, boneti, lifti, biskuti. Mmarekani kila kimoja hapo anakiita kingine. Kwahiyo ukiongea na Mwingereza usihangaike kutafuta Kingereza cha kwenye filamu, chukua neno la gereji ya kwenu ulipeleke kama lilivyo, "the boot", "the bonnet", "petrol", utasikika mtu wa nyumbani. Chipsi ni "chips", zile kavu za pakiti ni "crisps". Mpira ni "football", ukisema "soccer" anakuona umejifunzia kwa Wamarekani, ingawa hilo neno lenyewe lilizaliwa hukohuko England.

Dobi azingatie moja, "pants" kwa Mwingereza ni chupi, suruali ni "trousers". Orodha ya bei za kufua iandikwe hivyo.

Salamu na maneno ya adabu

Asubuhi mgeni atapita mapokezi atasema "You alright?" na hatasimama. Hajakuona mgonjwa na hataki habari za nyumbani, ile ni salamu. Jibu ni "Alright, thanks, you?" naye anapita. Ukianza kumweleza mtoto ana homa na umeme ulikatika usiku atasimama kukusikiliza kwa heshima ila umemshika pabaya. Sisi salamu zetu ni ndefu, shikamoo, marahaba, za kulala, za watoto, za shamba, na mgeni ukimfundisha hizo anafurahi kweli, mwambie mapema kabisa kwamba mzee anapewa shikamoo kwanza. Ila usitegemee za kwake ziwe na urefu huo.

Kwenye kuomba kitu ndo tunaumiza watu bila kujua. Kwa Kiswahili "naomba pasipoti yako" ina adabu ya kutosha, au unalegeza tu mwisho wa kitenzi, "unipe pasipoti". Ukiigeuza neno kwa neno inatoka "Give me your passport", hiyo masikioni mwa Mwingereza ni askari wa mpakani. Sema "Could I see your passport, please?" Kila ombi lianze na "could I" au "could you", na limalizie na "please", hata kama unaomba kijiko. Na kila akikupa kitu useme "thank you", hata kwenye kitu kimoja mara nyingi. Kwenye duka moja la kwao kununua gazeti tu mnaweza kushukuriana mara nne, ukitoa hela, akipokea, akirudisha chenji, ukiondoka. Kwao hiyo ndo njia ya kumwonyesha mtu kwamba humdharau. "Cheers" nayo ni asante, sio lazima kuwe na bia.

"Sorry" ni lao kuliko yote. Wewe ukimkanyaga anaomba samahani yeye. Akitaka kupita anasema sorry, hajasikia anasema sorry, anakuita aongeze sharubati anaanza na sorry. Usijibu "no problem" kila mara kama vile kweli kakosa, we msikilize anachofuatisha maana ndo ombi lenyewe. Na upande wetu, mgeni akijikwaa kwenye ngazi sisi tunasema pole, kwa Kingereza wengi tunatoa "sorry", naye anashangaa kwani wewe umefanya nini. Sema "Are you alright?" ukimsogelea, inatosha.

Halafu kuna "mate", "love", "pet", "duck". Mama wa miaka 60 wa Nottingham anaweza kumwita mhudumu wako "duck", wa Newcastle akamwita "pet", wa Yorkshire akasema "love". Vijana wasichukulie vingine, anamaanisha kama mama wa kwetu anavyosema mwanangu. Ila usimrudishie, hayo maneno yanatoka kwa mwenye nayo. Kijana wa boti akimwita mzee wa watu "mate" kwa lafudhi ya kuigiza ya London anamkera, angemwita "sir" au jina lake ingekuwa sawa.

Malalamiko, hapa ndo pesa inapopotelea

Mwingereza kalelewa kwamba kulalamika hadharani ni aibu. Kwahiyo analifunga lalamiko kwenye maneno laini mpaka usiyemzoea unadhani ni hadithi tu. Anakuja mapokezi, kasimama pembeni, anasubiri umalize simu, anasema "Sorry to bother you, it's only a small thing, the shower's a bit cold." Ukitafsiri kwa kamusi umepata kwamba maji yana ubaridi kidogo. Anachosema ni kwamba maji ya moto hakuna kabisa, kaoga ya baridi jana na leo, na kabla hajashuka hapa kajishauri dakika kumi kama akwambie au aache.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza usimwambie "are you sure?" na usimweleze historia ya hita. Sema "I'm so sorry, I'll send someone now", mtume fundi hapohapo, na ikishatengenezwa mfuate umwambie imepona. Hiyo ya kumfuata wengi tunairuka. Yeye hatarudi kukuambia mara ya pili, kwake mara ya pili ni ugomvi, atanyamaza alafu aandike maoni mtandaoni.

Maneno ya kushika ni haya. "A bit" ikija na kitu kibaya maana yake ni sana. "I'm slightly disappointed" huyo kakasirika. "With respect" anakaribia kukupinga kwa nguvu zote. "I'm sure it's my fault" anajua ni yako. "Quite good" kwa Mmarekani ni sifa, kwa Mwingereza ni ya wastani, inapita. Ila "not bad at all" ni sifa kubwa, mpishi aambiwe.

Kwenye chakula vilevile. Umemletea pweza wa nazi na ugali wa muhogo, kala vijiko viwili, anasema "It's very interesting." Hajapenda. "It's very filling" hataki tena. Akisema "I'm fine, thanks" jibu ni hapana, usimwekee kwa nguvu kama tunavyofanyiana sisi kwenye shughuli. Lakini pia hapana ya kwanza sio ya mwisho, kuna kukataa kwa adabu, kwahiyo muulize mara moja tu taratibu, "Are you sure?" Akisema "Oh, go on then" mwekee, huyo alikuwa anataka toka mwanzo. Akikataa mara ya pili toa sahani.

Na kuna upande wa pili wa tabia hiyohiyo ambao kwa watu wa boti ni suala la uhai. Mwingereza hajisifu. Kujisifu kwao kunamshusha mtu, kwahiyo ukimuuliza kwenye fukwe za Msimbati, kule ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, "Can you swim?" anaweza kukujibu "A bit" na ni mwogeleaji wa mashindano, na mwingine anakujibu "Oh, I'll be alright" kwa sababu anaona aibu kukuchelewesha, na bahari kaiona mara ya mwisho utotoni. Jibu ni lile lile kwa watu wawili tofauti kabisa. Usiulize swali la kujipima. Uliza la tarehe na hesabu, mara ya mwisho kuogelea baharini lini, umepiga mbizi mara ngapi, na wapi. Kwenye hesabu atasema ukweli. Na jaketi la kujiokoa mpe kila mtu bila kuuliza, ukimuuliza kama anataka atasema "no, I'm fine".

Chai

Wengi mtasema chai ni chai. Hapana bwana. Chai yetu ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi na iliki ni tamu, na Mwingereza ataisifia kama kitu cha Kitanzania, ila hiyo kwake sio "tea". Ya kwake ina utaratibu na ndiyo inayomrudisha kwenye hali yake. England chai ilikuwa ghali ya wenye nacho mpaka mwaka 1784 serikali ilipoishusha kodi toka 119% mpaka 12.5%, toka hapo ikashuka mpaka kwa kibarua na haijatoka tena.

Tengeneza hivi. Maji yachemke pale pale, yatokote, sio yale ya chupa yaliyowekwa saa kumi na moja alfajiri, hayo yakifika mezani saa mbili majani hayatoi kitu, unapata maji ya rangi ya udongo. Kama huna birika la umeme mezani basi jikoni wachemshe mtu akishakaa. Pakiti ndogo ya majani, ile ya kikombe kimoja, iwe ndani ya kikombe kwanza, maji juu yake, usimletee kikombe cha maji na pakiti pembeni kwenye kisosi maana mpaka aifungue maji yameshapoa. Aiache dakika tatu nne. Maziwa yaletwe ya baridi, ya maji, kwenye kijagi kidogo peke yake, sio ya unga na sio ya kuchemsha yenye utando juu. Sukari pembeni. Mwache aweke mwenyewe, utamuona anaangalia rangi, anaongeza tone, anaangalia tena, kila mtu ana rangi yake na hapo usimsaidie.

Hata humo ndani kuna tabaka. Fundi ujenzi na dereva wanataka nzito iliyokolea yenye maziwa na sukari mbili, wenyewe wanaiita "builder's tea". Watu wa juu wanakunywa nyepesi bila sukari, na zamani walikuwa wanamcheka anayetanguliza maziwa kabla ya chai. Wewe usitangulize maziwa na hutakosea kwa yeyote.

Na ndege ya Mtwara ikiahirishwa, au mtu kapata habari mbaya kwenye simu, kabla ya maelezo marefu mletee chai. Huko kwao mtu akipatwa na jambo kitu cha kwanza anachosikia kwa jirani ni "I'll put the kettle on". Wewe ukifanya hivyo hatakusahau.

Majina ya milo na ya vyoo

Mgeni akiuliza "What time's tea?" usikimbilie birika. Akitoka kaskazini ya England, Manchester, Leeds, Newcastle huko, "tea" ni mlo wa jioni wenye nyama na viazi, na "dinner" yake inaweza kuwa ya mchana. Akitoka kusini "dinner" ni ya usiku, na watu wa juu wakisema "supper" ni chakula cha usiku cha kawaida cha nyumbani. Kwahiyo kwenye ubao usiandike jina peke yake, andika na saa. "Pudding" ni kitamu chochote cha mwisho, hata matunda yaliyokatwa mtu anaweza kuuliza "what's for pudding?" Mkate mdogo wa duara nao una majina kila mkoa, Manchester ni "barm", Nottingham ni "cob", Coventry ni "batch", na ukitaka kundi la Waingereza wasioongea mezani waanze kuongea waulize hilo tu, wataongea mpaka usiku.

Mwaka 1954 profesa mmoja wa isimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Alan Ross, aliandika makala ya kuonyesha kwamba tabaka la juu la Waingereza kwa wakati ule halitofautiani tena na wengine kwa elimu wala utajiri, linatofautiana kwa lugha. Wa juu wanasema "napkin", wa chini yao wanaojitahidi kuonekana wa juu wanasema "serviette". Mpaka leo mtu kama hujasikia ukasema "pardon?" kuna wanaokuweka kwenye tabaka fulani, na shuleni sisi tulifundishwa hiyohiyo "pardon" kama ndo adabu. Kwa mgeni wa nje hawakuhukumu, ila "sorry?" inapita kwa wote. Choo pia, "toilet" wanaielewa wote, "loo" ni laini zaidi, "bathroom" kwa maana ya choo ni ya Mmarekani, kwa Mwingereza humo pana bafu kweli.

Foleni, bia na bei

Foleni kwa Mwingereza ni haki. Mkipanga boti ya kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu na watu wanagombea kupanda, yeye atarudi nyuma, atapandia wa mwisho, na atakuwa ameudhika safari nzima kwa sababu waliokuja nyuma yake wametangulia. Akikuuliza "Sorry, are you in the queue?" kwa sauti laini ujue umemruka. Panga mstari toka pwani, au ita majina kwa waliokuja kwanza, boti itaondoka kwa amani.

Bia, wakiwa wanne hawalipi kila mtu yake, wananunuliana kwa zamu, mmoja ananunua za wote alafu mwingine, kila aliyeanza lazima zamu yake ifike. Wakikuingiza kwenye mzunguko ukanywa tatu ukaaga kabla hujanunua hawatasema kitu, ila watakumbuka. Kama hunywi au hela huna sema mwanzo "I'll get my own, thanks". Na wamezoea kwenda kaunta kuagiza wenyewe, kwahiyo ukitaka wakae waambie kuna mhudumu atakuja.

Bei wape ya mwisho. Kupatana bei ni mchezo wetu mtamu, wao wengi wanaona aibu, watalipa ile kubwa bila neno alafu baadae wakijua watajiona wameibiwa.

Mazungumzo

Sisi tukikutana na mgeni tunauliza umeoa, una watoto wangapi, unasali wapi, unalipwa vizuri huko? Kwa Mwingereza hayo ni ya ndani, subiri ayalete mwenyewe. Anza na hali ya hewa, sio kwa sababu anaipenda sana bali ndo mlango wao wa kuingilia kwa mtu asiyemjua. Mkubalie anachosema, akisema "Bit warm today" usimwambie mbona leo afadhali, sema "It is, isn't it". Kisha mpe ya kwetu, upepo wa kusi na wa kaskazi, na kwamba huku Kusini mvua ni msimu mmoja, sio miwili kama Dar. Atasikiliza kweli.

Wenye umri watakuuliza karanga. Serikali yao ilianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwemo, ukafa 1951, na ndio ulioleta bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ambayo iling'olewa. Huko kwao jina la ule mradi limebaki kuwa mfano wa serikali kutupa hela. Ataucheka yeye mwenyewe, kucheka kushindwa kwao ni tabia yao, mwache aanze yeye alafu umpeleke akaone udongo. Wa kanisani mpeleke Masasi, wamisheni wa Kianglikana wakiongozwa na Askofu Steere walifika huko 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na Trevor Huddleston, ambaye kwao anajulikana kwa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, alikuwa askofu wa Masasi 1960 mpaka 1968. Mwambie pia habari ya Askofu Vincent Lucas aliyelichukua jando akalitengenezea utaratibu wa Kikristo. Hapo ndo mtaongea vizuri mambo ya kila watu na alama zao.

Saa na kuaga

"Half eight" ni saa mbili na nusu, dereva aandike hivyo. "A fortnight" ni wiki mbili. Akisema mtakutana saa fulani anamaanisha hiyo hiyo, ukichelewa mpigie kabla, sio baada.

Anapotaka kuondoka hasemi naondoka. Anajipiga magotini, anasema "Right", anakaa tena dakika tano. Ukisikia hiyo "Right" usilete chai nyingine, anza kuandaa bili. Akikwambia "You must come and see us" usikate tiketi, ni neno zuri tu, kama anataka kweli uende atakupa tarehe na adresi.

Akiandika maoni mtandaoni, ruka sifa zote za juu, nenda moja kwa moja kwenye sentensi inayoanza na "the only tiny thing". Kama kaandika "the only tiny thing was the mosquito net had a few holes", leo leo badilisha neti za vyumba vyote.